Kitanzi, Koleo na Kinyama Changu

Stima ilipotea wakati kitanzi kimeshika.

Naomba uelewe vizuri nilikuwa katika hali gani. Nilikuwa nimelala kwa ubavu wa kushoto juu ya kitanda chembamba, katika hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Kakamega. Mdomoni nilikuwa nimeng'ata kipande cha plastiki chenye tundu katikati, kama lijamu ya punda. Katika tundu hilo walikuwa wamepitisha mpira mweusi, ukateremka kooni mpaka tumboni, na kwenye ncha ya ule mpira kulikuwa na jicho na taa. Ndani ya mpira tena walikuwa wamepitisha waya mwembamba wenye kitanzi, na hicho kitanzi kilikuwa kimekinasa kinyama kilichoota ukutani mwa tumbo langu, kikakibana shingoni. Ilibaki daktari akanyage pedali, stima ipite kwenye waya, kinyama kikatike. Akakanyaga. Hakuna kitu. Televisheni ndogo waliyokuwa wakiitazama ikafa, taa ya dari ikafa, na ile taa iliyokuwa ndani yangu nayo ikafa. Nafikiri katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa kwanza kupotelewa na stima tumboni.

Halafu nikasikia sauti ya Profesa, imetulia kabisa, kama mtu aliyeletewa chai.

"Vizuri," alisema. "Hii ni nafasi nzuri ya kujifunza. Daktari, kama ungekuwa unatumia koleo badala ya kitanzi, saa hii ungekuwa wapi?"

Wakaanza kujadiliana. Walikuwa madaktari wawili vijana, wote wanafunzi wake. Mmoja mwanamume mrefu kutoka Mumias, ndiye alikuwa ameshika mpini wa kitanzi. Mwingine mwanamke, mzaliwa wa huko Butali kwenye miwa, na yeye imani yake yote ilikuwa kwenye koleo.

"Ningekuwa nimemaliza zamani," alisema yule mwanamke. "Koleo linang'ata, linavuta, basi. Hicho kitanzi chako sasa kimekuwa mtego wa panya."

"Koleo lako bila stima lingeng'oa tu, na damu ingekuja," akajibu yule mrefu. "Mimi angalau nimeshika. Siachii."

"Umeshika nini na huoni?"

"Mkono unajua."

"Huo mkono wako asubuhi hii ulitoboa ukuta wa mbuzi."

Hapo nikajaribu kuinuka. Nilitaka kuuliza swali moja au mawili, lakini mtu mwenye mpira kooni hana maswali, ana kukoroma tu. Sista, yule nesi mkubwa wa chumba kile, akanibonyeza bega. "Tulia, baba. Hawa wanaongeanga tu."

Majina sitaandika. Wakisoma watajijua. Lakini kazi ya kila mmoja nitaitaja, maana hizo kazi ndizo zilizonifikia mwilini.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nauza matumbo ya mbuzi sokoni. Shule niliiacha mapema, nikashika baiskeli. Nilikuwa nachukua matumbo kichinjioni alfajiri, nayaosha mtoni, nayafunga kwenye karai nyuma ya baiskeli, na kufikia saa za chai meza yangu imejaa. Wateja wangu walikuwa kina mama wa hoteli na walimu baada ya katikati ya mwezi. Ilikuwa kazi nzuri. Inzi wananijua, watu wananijua.

Siku moja sista akaja mezani na viatu vyake vyeupe. Akasimama mbali kidogo na maji.

"Nataka tumbo la mbuzi," akasema. "Si lote. Nataka ile chumba ya mwisho, yenye ngozi laini ndani. Isitobolewe, isichemshwe, isikwanguliwe."

"Isikwanguliwe? Sista, utakula na uchafu wake?"

"Si ya kula."

Mama mmoja wa hoteli aliyekuwa anapima utumbo kwa mkono aliacha kupima. Kwetu mtu akitaka tumbo la mbuzi bichi, zima, na akasema si la kula, watu hawaulizi zaidi. Wanachukua hatua moja nyuma. Jioni nilimweleza mke wangu, naye aliendelea kusonga obusuma bila kugeuka.

"Kwa hivyo hospitali nao wameanza kurogana," akasema.

"Anataka mengine wiki ijayo."

"Basi ni mgonjwa mkubwa."

Haikuwa uchawi. Ilikuwa mafunzo. Misheni ilikuwa imepewa msaada, ule mpira mweusi wenye jicho, wa kuangalia matumbo ya watu bila kuyapasua. Profesa alikuwa anatoka Nairobi kila mara kuja kuwafundisha wale madaktari wawili, waliotaka kuwa madaktari wa tumbo. Kuangalia walishajua. Kazi ilikuwa kukata. Profesa alikuwa na vifaa vya aina mbili vya kupitisha ndani ya mpira. Kimoja kitanzi cha waya: unakivisha kinyama shingoni, unakaza, unapitisha stima. Kingine koleo dogo sana, mdomo wake kama wa siafu: unang'ata kinyama, unakiinua, unapitisha stima. Alitaka kujua ni kifaa gani daktari mpya anakielewa upesi bila kuwatoboa watu. Na kwa sababu watu hawapendi kutobolewa, walianza na mbuzi.

Kwa kweli Profesa alitaka nguruwe. Alisema tumbo la nguruwe ndilo linalokaribiana zaidi na la binadamu. Daktari wa Mumias akamwambia kwa heshima sana, "Profesa, kila kitu nitafanya, lakini hicho uniwie radhi." Hapo ndipo ikawa mbuzi, na mbuzi ikawa mimi.

Nilipopeleka karai langu nilikuwa nasimama dirishani kuwatazama. Sikuwa nakatazwa. Walilifunga tumbo ndani ya beseni, wakalijaza hewa, wakateremsha mpira. Lakini mbuzi mzima hana vinyama vya kukata, kwa hiyo walimtengenezea. Walifinya ngozi ya ndani, wakaivuta kidogo, wakaifunga shingoni kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Tyubu ilikuwa yangu pia. Kikisimama vizuri, kinafanana na kinyama cha ugonjwa. Halafu mmoja anakata kwa kitanzi na mwenzake kwa koleo, halafu wanabadilishana, na kila kipande kinatiwa ndani ya kichupa cha dawa ya sindano kilichooshwa, kinamiminiwa dawa ya kuzuia kuoza.

Sasa sikiliza kosa la kwanza, maana ndilo lililozaa mengine. Profesa ndiye aliyekuwa anatoa maksi, kifaa kipi kimekata safi, kipi kimeunguza. Na alijiogopa. Alisema akijua kipande ni cha nani, huenda akampendelea mmoja. Kwa hiyo akatoa amri: kwenye kichupa isiandikwe jina la mtu. Kiandikwe kifaa tu. Kitanzi, au koleo. Sista akaishika hiyo amri kama kiapo. Alikuwa na plasta nyeupe na kalamu, na vile vichupa alivipanga kwenye ukingo wa dirisha, vya kitanzi upande wa mlango, vya koleo upande wa sinki, vimenyooka utafikiri ni watoto wa shule paredi.

Baada ya mazoezi yale matumbo hayakutupwa. Mlinzi wa hospitali alikuwa ameshasema mapema kwamba matumbo hayalalangi. Yakitoka tu kwenye beseni, anayachukua, anayasafisha, anayapeleka kwake nyuma ya shamba la misheni yangali mabichi. Hiyo nayo ikumbuke, kwa sababu ni huyo mlinzi aliyekuwa na ufunguo wa jenereta.

Nikaugua mimi. Choo kikawa cheusi kama lami. Nikawa napanda mlima wa baiskeli ambao nimeupanda miaka yote, nikifika katikati naona nyota mchana. Mke wangu alikuwa ananitazama ninavyokula, na mimi nilijua anamfikiria nani. Kaka yangu mkubwa alianza hivyohivyo. Tumbo lilimchukua akiwa kijana bado, na mpaka tunamzika hakuna mtu aliyetuambia lilikuwa na nini. Wengine walisema vidonda, wengine wakasema jirani.

Nilimwambia daktari wa Mumias wakati namkabidhi karai. Nilimwambia kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Aleikum salaam," alianza kujibu, kwa sababu alidhani nimemsalimia, halafu akanyamaza akanitazama macho, akanivuta kope ya chini. "Ndugu yangu, huna damu. Tangu lini?"

Akamwambia Profesa. Profesa akatoka, akanizunguka. Nilipaswa kuona hatari hapo. Alinitazama vile mimi ninavyomtazama mbuzi aliyenona.

"Mgonjwa wa kweli," akasema polepole. "Na ni mtu wetu."

Mara ya kwanza waliteremsha mpira kuangalia tu. Walikikuta. Kinyama, ukubwa wa punje ya karanga, kinavuja damu kidogo kidogo. Profesa alinikalisha, akanieleza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Alisema kinyama cha namna hiyo kinaweza kuwa kizuri, kimeota tu, na kinaweza kuwa kibaya. Kwa macho huwezi kujua. "Tutakikata, tutakipeleka Nairobi, wataalamu watakitazama kwa darubini. Wao watatuambia."

"Na kaka yangu, aliyekufa kwa tumbo?" nikauliza.

"Kama hiki ni kibaya, tutajua na kaka yako alikuwa na nini, na watoto wako pia itabidi waangaliwe. Kama ni kizuri, utalala usingizi."

Hayo ndiyo maneno niliyokubalia. Si kukatwa. Nilikubali kujua.

Lakini tatizo la kinyama changu lilikuwa ukubwa wake. Kwa vinyama vikubwa Profesa alikuwa anasema kitanzi, kwa vidogo koleo, na changu kilikuwa katikati kabisa, hakina upande. Wale madaktari wawili wakagombana kwa siku nzima. Yule wa Butali alisema koleo, kwa sababu ni upesi, na mgonjwa hana damu ya kupoteza. Yule wa Mumias alisema kitanzi, kwa sababu koleo litaacha mizizi. Walizungumza mbele yangu kama wakwe wanaogawana ng'ombe, na ng'ombe amesimama hapo.

"Mnaweza kuniuliza mimi," nilisema.

"Baba, wewe unapendelea nini?" akaniuliza yule mwanamke, kwa adabu.

Nikafikiria. "Kile kisichouma."

"Vyote haviumi."

"Basi kile kinachojua kazi."

Profesa akacheka, akatoa shilingi mfukoni, akairusha juu. Ndiyo, msomaji. Mtu wa vitabu vyote vile alirusha shilingi juu ya tumbo langu. Ikaanguka kitanzi. Daktari wa Butali akasema ni sawa, lakini alisema kwa pua.

Siku yenyewe walifanya mazoezi asubuhi kwa mbuzi, kupasha mikono moto. Matumbo nilipeleka mwenyewe, bila kula tangu jana yake, nikayakabidhi, nikavua shati, nikapanda kitandani. Nadhani hakuna muuza nyama mwingine aliyewahi kupeleka mzigo halafu akajilaza kwenye meza ileile. Wakanipulizia dawa kooni, koo likawa si langu. Wakanidunga sindano ya usingizi, usingizi ukachungulia mlangoni ukarudi. Ndipo nikang'ata ile plastiki, na mambo yakaenda mpaka hapo nilipoanzia, kwenye giza.

"Jenereta," Profesa akasema hatimaye.

Sista akatoka. Tukamsikia anaita nje, jina la mlinzi, mara ya kwanza kwa sauti ya hospitali, kisha kwa sauti ya sokoni. Akarudi.

"Hayuko. Ameenda nyumbani kupeleka matumbo."

Mlinzi alikuwa kwake anakaanga bidhaa yangu na vitunguu, ufunguo wa jenereta uko mfukoni, na mimi niko hapa nimefungwa kwa ndani kama mbuzi wa pili.

"Tuvute bila stima?" akauliza daktari wa Mumias. Sasa sauti yake haikuwa na mkono unaojua.

"Damu hana," akasema yule wa Butali, naye pia mzaha ulikuwa umemtoka. "Ukivuta sasa, atavuja na hatutaona pa kuziba. Shika tu. Usilegeze, usikaze."

"Mkono unakufa ganzi."

"Lete nikusaidie." Na nikasikia wanabadilishana vidole juu ya ule mpini, mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaopokezana mtoto mchanga. Hilo nalo lazima niliandike, hata kama nimekuja kulaumu. Walinishika hivyo mpaka stima ikarudi yenyewe.

Televisheni ikawaka. Profesa akainama, akatazama. "Bado kipo shingoni. Kata."

Wakakata. Nilisikia harufu ya nyama choma. Walinieleza baadaye kwamba hiyo haiwezekani, harufu haipandi njia hiyo. Mimi nimekaa na nyama maisha yangu yote, na ya kwangu niliisikia.

Kinyama wakakivuta nje na kile kitanzi. Profesa akakiweka juu ya kitambaa, wakainama vichwa vitatu. "Safi sana," alisema. "Shingo yote. Hakuna mabaki. Daktari, hii ni kazi ya kupigiwa mfano." Na yule wa Butali akasema, "Kitanzi kimeshinda," na wakapeana mikono. Nilikuwa nimetolewa mpira, mate yananitoka, hakuna aliyenipa mkono mimi.

Hapa sasa ndipo sista anapoingia. Nilimwona kwa macho yangu, nikiwa nimelala bado. Alichukua kichupa kimoja cha dawa ya sindano. Akatia kinyama changu. Akamimina dawa. Akakata plasta, akaandika kitu kifupi.

Nikamwambia, kwa sauti ya koo lililolala, "Sista, umeandika jina langu?"

"Nimeandika kitanzi."

"Na jina?"

"Profesa amekataza majina," akasema, na akakipeleka dirishani, akakipanga na wenzake upande wa mlango, akakinyoosha kwa kidole.

Usingizi ule wa sindano, ambao ulikuwa umenikataa wakati wa shida, ukachagua wakati huo kuja.

Profesa aliondoka jioni ileile. Mimi nilirudi nyumbani, damu ikaanza kurudi mwilini, choo kikabadilika rangi, nikapanda mlima bila nyota. Mke wangu akachinja ingokho, akanipa firigisi mbele ya mashemeji, kama mtu aliyetoka vitani. Nilikuwa mzima kwa kila hali, isipokuwa sikuwa najua. Kila nilipopeleka matumbo nilikuwa nauliza, "Nairobi wamesema nini?" na kila mara naambiwa, "Bado." Mpaka siku moja nikawakuta madaktari wote wawili na sista wamesimama mbele ya lile dirisha kama watu kwenye kaburi ambalo hawana hakika ni la nani.

Hakuna kichupa kilichokuwa kimekwenda Nairobi. Na vya kitanzi vilikuwa vingi, vyote sawa, na ndani ya kila kimoja kulikuwa na kitu kidogo cha kijivu kimejikunja.

"Changu ni kipi?" nikauliza.

Sista alitazama sakafu. Daktari wa Mumias akakohoa.

"Nairobi wanapokea kichupa kimoja kwa mgonjwa mmoja," akasema. "Hatuwezi kuwapelekea dirisha zima."

Halafu daktari wa Butali, ambaye mpaka hapo nilikuwa nampenda kuliko wote, akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naacha kutafuna. "Baba, wewe ni mtu wa matumbo. Tazama hapa. Kipi si mbuzi?"

Na mimi nikatazama. Walinisogezea kiti. Wakanishikia vile vichupa kwenye mwanga, kimoja baada ya kingine, na mimi nikaviangalia kwa makini, nimekunja uso, kama fundi. Ukweli ni kwamba sikuona tofauti yoyote. Matumbo ninayoyajua ni ya karai, yenye maji na harufu. Haya yalikuwa makombo yaliyolowa kwenye dawa. Lakini watu watatu wenye makoti meupe wanasubiri neno lako, na hujawahi kusubiriwa hivyo maishani. Nikaonyesha kimoja.

"Hiki."

"Una hakika?"

"Hiki kinanitazama."

Kikaenda Nairobi na jina langu, safari hii limeandikwa kubwa.

Majibu yalichukua muda mrefu, na yalipokuja sista mwenyewe ndiye alinipokea mlangoni, anatabasamu. "Baba, furahi. Wamesema ni safi kabisa. Hakuna ugonjwa wowote."

Nilishika mlango. Nikamfikiria mke wangu, nikawafikiria watoto. Halafu nikamwona daktari wa Mumias nyuma yake, na yeye hakuwa anatabasamu.

"Kuna kitu kingine wamesema," akaanza. "Ndugu yangu, kaa chini."

"Nimesimama vizuri."

"Wamesema ni kipande cha tumbo lenye afya, la mbuzi. Wanauliza kama tunawafanyia mzaha."

"Kwa hivyo mwenye afya ni mbuzi."

"Ndiyo."

"Na mimi?"

Akanisogezea benchi. Ni mtu mwema yule.

Nikasema tutafute katika vile vingine, hata kama ni kimoja kimoja, hata kama Nairobi watatutukana. Hapo ndipo sista akaketi kwenye benchi yeye badala yangu. Askofu alikuwa ametembelea hospitali siku chache kabla. Kila mtu aliambiwa asafishe dirisha lake. Sista alisafisha la kwake, akatupa na vichupa vyote.

Nikasema basi nirudishieni mpira, mtazame tena, mkate kingine. Daktari wa Butali akanieleza kwa upole kwamba hakuna cha kukata. Kitanzi kilikuwa kimefanya kazi safi mno. Pamebaki kovu tu, na kovu halisemi. Kwa maneno mengine, kama wangekuwa wazembe kidogo ningekuwa na jibu.

Mke wangu nilipomwambia alimaliza kwanza kuwapakulia watoto chakula. Kisha akasema, "Si wewe uliyechagua?"

Ndivyo wanavyosema wote. Sista alisema, mgonjwa mwenyewe ndiye aliyechagua. Madaktari walisema, tulimshirikisha mgonjwa. Habari za Profesa nilizipata miaka michache baadaye, nilipokutana na daktari wa Mumias sokoni, ameshakuwa mkubwa, ana tumbo la kwake sasa. Aliniambia ule ulinganisho ulikamilika vizuri, na tangu hapo Profesa anawafundisha madaktari wapya waanze na kitanzi, wazoee, ndipo wapewe koleo. Nikamuuliza kinyama changu kimewekwa wapi katika hiyo hesabu. Alijikuna shavu.

"Vipande vyote vya kitanzi vilihesabiwa pamoja," akasema.

"Pamoja na mbuzi."

"Hakukuwa na majina, ndugu yangu."

Nimeishi. Hilo nalijua, sihitaji darubini. Wengine wananiambia, kama ungekuwa na kitu kibaya ungeshakufa, kwa hiyo funga hayo maneno. Lakini wengine, wasomi zaidi, wananiambia kitu kibaya kikikatwa mapema mtu huishi vilevile. Kwa hiyo kuishi kwangu hakusemi kitu. Miaka yote hii nikila maharagwe na tumbo likanguruma, nyumba nzima inanyamaza kusikiliza.

Ningevumilia. Nilikuwa nimeshazoea kuwa mtu asiyejua. Ila mwaka huu binti yangu ameanza. Choo cheusi, kizunguzungu, vilevile. Nilimpeleka mwenyewe hospitali ya mjini, na daktari wa kule, kijana msafi anayeandika haraka, akamgeukia akamuuliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuwa na kinyama tumboni. Binti yangu akanionyesha mimi. Daktari akafurahi, akashika kalamu.

"Vizuri sana, mzee. Hiyo itatusaidia sana. Kilikuwa cha aina gani? Kizuri au kibaya?"

Alikuwa ananingoja. Binti yangu naye alikuwa ananingoja, na macho yake ni ya yule kaka yangu kabisa. Nilikaa pale na miaka yangu yote, na sikuwa na neno la kumpa mtoto wangu.

Sasa nasema. Profesa, wewe uliyekataza majina, na ninasikia ungali hai na unafundisha. Wewe daktari wa kitanzi na wewe daktari wa koleo, mlioniwekea kiti dirishani nichague mwili wangu kama mteja. Wewe sista, uliyefuta ukingo wa dirisha. Sitaki msamaha, wala sitaki kuambiwa kazi ilikuwa safi. Mmoja wenu, yeyote, aje Kakamega, aingie kwenye chumba cha yule daktari kijana nikiwa nimekaa hapo na binti yangu, ajibu swali nililoulizwa mimi. Na kama hawezi kulijibu, basi aseme yeye kwa mdomo wake, mbele ya mtoto, kwa nini halijulikani.